Kabati la kukaushia likichelewa, usikimbilie kupandisha joto

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Kabati la kilowati 6, trei 20, mzigo wa kilo 40 za vipande vya mizizi. Zamani ulikuwa unatoa mzigo baada ya masaa 6, sasa unafika masaa 11, trei za juu zinaungua kingo na za chini zinatoka bado mbichi. Umepandisha joto kutoka nyuzi 60 hadi 75 na mambo yamezidi kuharibika. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, unataja kwamba mwezi uliopita ulibadilishiwa mota ya feni. Mimi ningeanzia hapo hapo.

Nimekaa na makabati haya miaka 11, kwanza mwendeshaji wa zamu ya usiku, baadaye upande wa matengenezo. Watu wengi wanalichukulia kabati kama oveni. Oveni kazi yake kupasha. Kabati kazi yake kutoa maji, na anayeyabeba hayo maji ni hewa. Joto linaongeza tu ukubwa wa mzigo ambao hewa inaweza kubeba: mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inashiba kwa gramu kama 17 za maji, ikiwa na nyuzi 60 inashiba kwa gramu kama 130. Ila hewa iliyokwisha kujaa na isiyo na pa kutokea inazunguka na maji yale yale, na mzigo wako unaanza kuiva badala ya kukauka.

Sasa feni. Kabati lako, kwa ulivyolieleza, lina feni ya umbo la konokono. Feni hizi zina hila moja: zikizunguka kinyume, hewa bado inatoka upande ule ule, ila hafifu. Feni ya kawaida ya mapanga ukiigeuza inavuta badala ya kusukuma, unajua papo hapo. Hii haikwambii kitu. Inanguruma vizuri, ukiweka mkono unahisi upepo, unaondoka umeridhika. Ilinichezea hivyo wiki tatu. Nikabadilisha thamostati, nikabadilisha kihisi joto, nikamgombeza mwenzangu wa mchana kwamba anafungua mlango ovyo (nilimwomba radhi baadaye, hakuipokea vizuri). Kumbe aliyefunga mota alipishanisha fezi mbili, yaani nyaya mbili kati ya tatu zinazoleta umeme kwenye mota.

Kwenye ganda la feni kwa kawaida kuna mshale. Washa feni sekunde moja, zima, kisha tazama shafti inavyozunguka ikipoteza mwendo. Ikienda kinyume na mshale, fundi umeme abadilishane nyaya mbili zozote kati ya zile tatu za mota, basi. Kabla hajagusa, swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe, sio mezani kwa msimamizi.

Ukishamaliza hapo, fanya kipimo cha uzi. Chukua waya mrefu, funga kipande cha uzi wa pamba cha urefu wa kidole kwenye ncha, zima hita uache feni peke yake, pitisha ncha mbele ya kila trei. Uzi unapaswa kulala kwa kiasi kinachofanana kuanzia juu hadi chini. Nilipofanya hivi kwenye kabati lile la hila, kwenye trei tatu za juu uzi ulikuwa ukitikisika, na chini kabisa ulining'inia wima kama umetundikwa ukutani. Hewa ikiwa dhaifu, joto linapanda na kukaa juu. Na kama kihisi chako kiko chini, kinaona ubaridi, kinaendelea kudai joto, na za juu zinaungua. Hiyo ndiyo picha uliyoieleza wewe.

Jambo la pili ni hita. Hesabu kidogo: kama mizizi yako ina maji asilimia 80 na unataka ibaki na asilimia 10, kwenye kilo 40 unatakiwa kutoa kilo 31 za maji. Kila kilo inakula kama kilowatisaa 0.66 ili igeuke mvuke. Hizo ni kilowatisaa 20 na kitu, kwa hiyo hita ya kilowati 6 inahitaji masaa matatu na nusu hata kama hakuna joto linalopotea popote, na linapotea. Masaa 6 yako ya zamani yalikuwa halali kabisa. Elementi moja kati ya tatu za hita (zile sehemu zinazopasha) ikifa, hesabu inavurugika: zikiwa zimefungwa delta, yaani kila moja kati ya fezi mbili, unabaki na theluthi mbili ya nguvu, zikiwa zimefungwa nyota bila nyutro, yaani ncha moja ya kila elementi zimeunganishwa pamoja bila waya wa kurudishia umeme, unabaki na nusu. Na kabati bado litafika nyuzi 60 likiwa tupu, ndiyo maana watu wanasema hita ni nzima. Pima ampea kwenye kila fezi ya hita kabati likiwa na mzigo mbichi. Kwa volti 400 utarajie kama 8.7 kwenye zote tatu. Ukikuta fezi moja iko sifuri, au mbili zimeshuka hadi 5, umempata mwizi.

Joto lirudishe 60, hata 55 kwa saa ya kwanza. Ukianza na 75, ngozi ya nje ya kipande inakauka na kufunga, maji ya ndani yanakosa njia. Kipande kinagonga kama jiwe, ukikivunja katikati kinalowesha kidole. Masaa yako ya ziada mengine yamepotelea hapo.

Tundu la kutolea hewa ulisema umelifunga "ili joto lisitoroke". Lifungue. Mwanzoni mwa mzigo, maji yakiwa mengi, liwe wazi karibu lote. Ulipunguze kadiri mzigo unavyokauka. Utajuaje wakati? Pima uzito wa trei moja, ile ile, kila nusu saa, uandike. Mwanzoni uzito unashuka kwa kasi ile ile, baadaye kasi inalegea. Ikianza kulegea ndipo uanze kufunga kidogo kidogo. Daftari hilo lina faida nyingine: siku kabati likianza kuugua utaliona kwenye namba kabla hujaliona kwenye mzigo.

Mengine kwa haraka. Mpira wa mlango: bana karatasi, vuta, ikitoka kirahisi, rekebisha bawaba kwanza kabla ya kununua mpira. Mapanga ya feni yasafishwe, vumbi likijaa kwenye mikunjo upepo unapungua na beringi zinakufa kwa mtikisiko. Grisi iwe ya joto kali, na kidogo. Mwisho wa zamu zima hita, acha feni izunguke hadi nyuzi 40 hivi. Ukizima vyote pamoja, joto linatembea kwenye shafti hadi kwenye mota.

Hili la mwisho sio la haraka. Kabati lako linatumia rilei ya kielektroniki, ile isiyolia, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kwa amri ya kidhibiti. Rilei hizo zikifa, mara nyingi zinafia zikiwa zimefunga, yaani hita inabaki imewaka hata kidhibiti kikisema zima. Kinachokuokoa ni kikata joto cha pembeni, chenye kihisi chake chenyewe. Kijaribu kila mwezi: kishushe chini ya joto la kazi uone kama hita inakata. Sehemu moja niliyofanya kazi nilikuta kimerukwa kwa kipande cha waya, kwa sababu "kilikuwa kinasumbua". Kilikuwa kinasumbua kwa vile rilei ilikuwa inakufa.

Na yule aliyekushauri chini ya swali lako uoshe trei kwa thina kisha uzikaushie humo humo: usithubutu. Kabati la kawaida halikutengenezwa kwa mvuke unaowaka. Nilishaona mlango ukifunguka wenyewe kwa kishindo kwa kosa hilo hilo, bahati nzuri hakukuwa na mtu mbele yake. Maji ya moto na sabuni yanatosha.

Anza na mshale wa feni. Kama feni inaufuata, niandikie hapa ampea za fezi zote tatu, na useme kihisi kimefungwa wapi.