Kabla ya kupima mtandao, hesabu vitanzi vyake

Wanafunzi ninaowasaidia hapa Kampala wakishapata data za mtandao, uwe wa barabara au wa simu, wengi hukimbilia kutafuta njia fupi na nukta yenye miunganiko mingi. Huwa nawaomba wasubiri. Anza na maswali ya topolojia, yale ambayo jibu lake halibadiliki hata ukiuvuta na kuupinda mchoro utakavyo: mtandao una vipande vingapi vilivyotengana? Una vitanzi vingapi, yaani njia zinazozunguka na kurudi zilikoanzia?

Ndivyo mwanahisabati Euler alivyolitazama suala la madaraja 7 ya mji wa Königsberg mwaka 1736: je, mtu anaweza kuyavuka yote kwa matembezi mamoja bila kurudia hata moja? Urefu wa madaraja haukumshughulisha. Aliona kila moja ya sehemu 4 za ardhi inaguswa na idadi witiri ya madaraja, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba huwezi kuyavuka yote, kila moja mara moja tu.

Hesabu ya vitanzi ni nyepesi: idadi ya mistari inayounganisha nukta, toa idadi ya nukta, jumlisha idadi ya vipande. Mimi hupenda kuchora hivi. Kampala, Masaka, Mbarara, Fort Portal, Mubende, kurudi Kampala. Kisha Kampala, Jinja, Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, kurudi Kampala. Mwisho tawi la Kamdini hadi Gulu. Nukta 11, mistari 12, kipande 1, kwa hiyo vitanzi 2.

Daraja la Karuma limo kwenye mstari wa Kampala na Kamdini. Lilipofungwa mwaka 2024 kwa ukarabati, mstari huo ulifutika: mistari 11, kitanzi 1, kipande bado 1. Gulu ilifikika kwa kuzungukia Soroti na Lira. Safari ndefu, mafuta mengi, lakini njia ipo. Sasa urudishe mstari huo, ufute ule wa Kamdini na Gulu. Vitanzi vinabaki 2, ila vipande navyo ni 2: Gulu imekatika. (Barabara nyingine za Gulu nimeziacha makusudi. Ukiziongeza hesabu hubadilika, kwa hiyo andika wazi ulichoacha.)

Mitandao ya watu inahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo topolojia inaponifurahisha kuliko kote. Wafanyabiashara watatu wa soko la Owino wanaopigiana simu wawili wawili ni pembetatu tupu. Wakikaa kikao kimoja cha SACCO (chama cha akiba na mikopo), wote wakasikia neno moja kwa wakati mmoja, pembetatu imejazwa, wala usiihesabu tena kama kitanzi. Rekodi za simu hazitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Nenda sokoni ukaulize.

Na kama data yako ni umbali, usishikilie kikomo kimoja cha umbali wa kuunganisha nukta. Kiongeze polepole, uone kitanzi kipi kinazuka na kufutika upesi, na kipi kinadumu. Programu za Ripser na GUDHI hufanya kazi hiyo bure. Kwa grafu ya kawaida, yaani nukta na mistari tu, maktaba ya Python iitwayo NetworkX inatosha.