Nyuki wamehama, wala hakuna aliyeiba

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya biashara Kariakoo, ila nina mizinga 14 Manyoni, mjomba ndiye anayeniangalizia. Oktoba iliyopita makundi tisa yalihama. Hakuna aliyeiba, masega yamebaki matupu. Mjomba anasema kuna mtu mwenye kijicho. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mwambie mjomba asimtafute mchawi. Nyuki wako wamefukuzwa na joto, kiu na njaa.

Majana, yaani watoto wa nyuki, yanataka joto la nyuzi 34 hadi 35, si zaidi. Jua likichoma, nyuki wanaacha maua wanakwenda kuchota maji, wanayapaka kwenye masega, kisha wanapepea mabawa. Maji yakiwa mbali, kazi hiyo inawamaliza. Na huko kwenu msimu wa mvua ni mmoja tu. Mvua zikikatika mapema, kufika Septemba madimbwi yamekauka, na hata mti ukichanua, mbochi, maji matamu ya maua, ni haba. Nyuki wetu hawakai wakasubiri kufa. Wanakula akiba, malkia anapunguza kutaga, asubuhi moja wote wanaondoka.

Niliwahi kufungua mzinga Chamwino, wa mbao nyembamba, kifuniko bati, umekaa juani. Sega la katikati lilikuwa limelainika likakatika, asali imefunika majana, sisimizi wameshaingia. Nyuki wachache waliobaki walikuwa wanajikokota juu ya asali, mabawa yamelowa. Mpaka leo naliona sega lile.

Sasa nikuulize: mlipovuna, mliacha masega mangapi? Kama mlikomba yote, na hilo limechangia. Safari nyingine waachieni chakula cha kiangazi.

Maji wekeni mapema, tangu Julai, kabla hawajazoea kwingine. Dumu la lita 20 likatwe ubavuni, liwekwe mawe na vijiti vya kutua, maana nyuki wanazama upesi. Mimi hapa Mbagala bomba la uani likivuja tu, Januari, wao ndio wa kwanza kufika. Lakini dumu likikauka siku tatu tu, umewapoteza, kwa hiyo mlipe kijana wa kulijaza. Mizinga ihamie kivulini, juu ya bati tandikeni nyasi nene.

Ile tisa iliyohamwa msiitupe. Kwangueni masega yenye nondo, wale wadudu wanaokula masega, pakeni nta mbichi mlangoni na ndani, mwitundike kabla miti haijachanua. Makundi mapya yataingia.