Bibi wa Zimamoto Anajibu: Mwanafunzi Haingii Motoni

*Shikamoo bibi. Nina miaka 22, ni fundi pikipiki hapa Ngamiani. Juzijuzi duka la jirani liliungua, tukahangaika na ndoo hadi tukachoka. Shemeji yangu yuko Ujerumani, anasema kule wazimamoto wengi ni wa kujitolea na yeye ameanza mafunzo. Nami nataka. Mwanafunzi hufanya nini hasa? Na ni njia ya kupata ajira?*
Fundi, Tanga

Marahaba mwanangu. Shemeji yako hakudanganyi. Kule mwalimu, mkulima na fundi bomba wana shughuli zao, kengele ikilia wanaacha kila kitu wanakimbilia kituoni. Kwetu kazi hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na kuundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Sisi wazee tulianza zamani hizo bado tuko chini ya halmashauri, lakini hayo tuyaache. Askari wanafundwa Chogo, Handeni, mkoani kwetu hapahapa. Nafasi zikitangazwa utaomba kama wengine, na kujitolea kwako hakutakuwekea kiti. Ukija kwa kutegea mshahara utachoka mapema, nakuambia kabisa. Nenda kituoni ukaulize mafunzo wanayotoa kwa raia.

Sasa hilo la mwanafunzi. Mwanafunzi haingii motoni. Vijana wakisikia hivyo nyuso zinawashuka, maana kila mmoja ameshajiona anatoka moshini na mtoto begani. Utaanza na mpira wa maji: kuutandika usijikunje, kuunga vichwa vyake gizani bila tochi, kisha moto ukizimika kuuosha, kuukausha na kuuviringisha vizuri, kwa sababu mpira uliokunjwa vibaya utakuaibisha kwenye tukio lijalo. Utajifunza mafundo ya kamba hadi vidole viyafunge vyenyewe. Utazuia watu. Usiidharau hiyo ya kuzuia watu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Ufundi wa mpira haukuwa na la kufanya pale. Watu walitakiwa wawe mbali kabla.

Na hapa Tanga kuna mkonge. Marobota yakishika moto ghalani utayamwagia maji juu, utaona yamenyamaza, kumbe ndani yanakula taratibu. Ukiondoka, usiku yanawaka tena. Inabidi kila robota livutwe kwa ndoano, lipasuliwe, lilowanishwe mpaka katikati. Kazi hiyo ina moshi unaokwangua koo, haina mtu wa kukupiga picha, na inaangukia nani? Inamwangukia mgeni kikosini.

Siku ya kuvaa mtungi wa hewa mgongoni nayo itafika. Kwanza daktari akupime moyo na mapafu. Halafu ndevu: kama unazo, zinyoe, kwani barakoa haishiki vizuri juu ya nywele na moshi unapenya pembeni. Ule mtungi una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, siyo oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Koti, buti, kofia na mtungi kwa pamoja vinapita kilo 20. Mtungi unaoandikwa dakika 30, mtu mwenye hofu anayepanda ngazi na mpira begani anaumaliza mapema zaidi. Ndiyo maana unaingia na mwenzako, unatoka na mwenzako, na nje yupo mtu anayeandika ubaoni majina yenu, saa mliyoingia na hewa mliyo nayo. Kuandika huko nako ni kazi ya kujifunza, na mimi mwanafunzi asiyejua kuandika ubao ule simruhusu kuvaa barakoa, hata awe na kifua cha baharia.

Kitu kingine kinachowashangaza ni mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inajaza nafasi ya karibu lita 1,700. Ukipiga maji ovyo kwenye chumba kinachowaka, mvuke unakurudia wewe, na masikio ndiyo yanaungua kwanza.

Mwisho, zungumza na mama yako na bosi wako wa gereji. Wito hauchagui saa, na pikipiki ya mteja itabaki imefunguliwa.

*Bibi, kwa nini gari la zimamoto huja bila maji? Tumeona kwa macho yetu.*
Msomaji, Makorora

Hapana, mara nyingi huwa limekuja nayo. Mpira mmoja mkubwa unaweza kumwaga lita 400 kwa dakika, tena na zaidi. Gari la lita 5,000 likifungua mipira miwili, dakika sita limekwisha, na nyinyi mliofika dakika ya saba mnaona gari kavu mnaanza kurusha mawe. Pale ndipo tunatafuta bomba la zimamoto la mtaa, tunalikuta limejengewa kibanda cha chipsi. Mwulizeni mwenyekiti wenu wa mtaa bomba lenu liko wapi.

*Mtungi wa gesi ukishika moto jikoni, nimwagie maji?*
Mama Wawili, Chumbageni

Hapana mama. Ukiweza kuifikia koki bila kuungua, ifunge, moto utakufa wenyewe. Usiuzime kabla ya kufunga, maana gesi itaendelea kutoka na kutambaa chini, ni nzito kuliko hewa, ikutane na kibatari cha jirani. Ukishindwa kuifikia, toa watoto, waite majirani watoke, piga 114 ukiwa nje, na utaje msikiti au shule iliyo karibu.