Toi si makopa: kwa vijana mnaoanza kuanika toi za zamani zilizogeuka njano, ili zirudie rangi yake

Juzi nimepita tena uchochoroni kwetu nyuma ya soko, saa saba mchana, nikakuta Game Boy ya mteja, kile kifaa cha michezo cha mkononi, imelazwa juu ya bati, kioo kikitazama mbinguni. Mwenye kazi hayupo. Kauliziwa, kaenda kula. Nikaitoa nikaiweka kivulini, na safari hii sikusema neno, maana nimeshasema mpaka washona viatu wa jirani wangeweza kufundisha somo hili kwa niaba yangu. Basi naandika. Mkirudia yaleyale baada ya hapa, msinitume mimi kwenda kuzungumza na mteja.

(Nitakwenda. Lakini nitanuna.)

1. Jueni mnaanika nini. Fungueni kava, tazameni kwa ndani: mara nyingi kuna muhuri wa ABS, ile plastiki ngumu ya toi nyingi. Pasipo na muhuri, chukueni ndoo ya maji safi mtumbukize kipande. Kinachoelea ni PP au PE, ndugu zake viti vya plastiki vya harusini. Hicho jua halikipi faida yoyote, linakipausha na kukifanya kivunjike. Kinachozama ni ABS, polistaireni au PVC. Hapo tumieni kidole: PVC ya midoli inabonyea. Mdoli wa namna hiyo msimpeleke juani kabisa, maana joto linatoa nje yale mafuta yaliyochanganywa ili awe laini, uso unaanza kunata, vumbi linaganda, na mnabaki na mtoto mwenye ndevu.

Kuna na wale wa Transformers, roboti za kuchezea, wa mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, wenye plastiki ya rangi ya dhahabu yenye mawimbi. Hao hata bisibisi msiwaonyeshe. Ile dhahabu inaoza yenyewe ndani kwa ndani, na siku mtakayogonga pini kuitoa mtaokota vumbi. Mwambieni mteja ukweli, mrudishieni toi yake ikiwa nzima.

2. Mteja atawauliza: si jua hilohilo lililoiharibu? Swali zuri, na ni aibu kuona fundi anajing'ata ulimi. ABS ina mchanganyiko wa vitu vitatu, na kimojawapo, butadaini, ndicho cha mpira mpira, kinachofanya toi isipasuke ikianguka. Hicho ndicho oksijeni inakishambulia kwanza, ikisaidiwa na joto au na miale ya urujuanimno, na hapo ndipo unjano unapozaliwa. Ndiyo maana toi iliyofungiwa miaka ndani ya sanduku, chini ya bati la nyumba za huku kwetu, inatoka ya njano ingawa haikuona jua hata siku moja. Na mwanga huohuo wa jua una sehemu nyingine, bluu na zambarau, inayovunja ile rangi ya njano. Kwa hiyo toi iliyogeuka njano gizani mara nyingi inang'aa kwa jua tupu, bila dawa. Anzeni na jua tupu. Vijana mnakimbilia peroksaidi, ile dawa ya kupausha nywele, kwa sababu mmeona Retr0bright, njia ya kung'arisha plastiki kwa dawa hiyo, ambayo watu wa kompyuta za zamani waliianzisha mwaka 2008, lakini wao walikuwa na jua la Ulaya.

Na mwambieni mteja kwamba unjano hurudi. Si kesho, ila hurudi. Tumeondoa rangi tu. Plastiki hatukuirudishia ujana.

3. Bati. Hapa ndipo mnaponitoa jasho. Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, maana yake jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena baada ya 20 Februari. Bati la saa saba mwezi wa Oktoba hamliwezi kulikanyaga kwa mguu mtupu, halafu mnalaza juu yake mlango wa betri wenye unene wa ukucha. ABS inalainika kwenye nyuzi 100 hivi, sawa, lakini kipande chembamba kilichobanwa na skrubu hakisubiri kufika huko, kinapinda mapema. Mmezoea kuona bibi zenu wakitupa makopa ya muhogo juu ya bati na kuyasahau mpaka jioni, mkadhani kila kinachoanikwa kinaanikwa hivyo.

Wekeni juu ya ubao. Afadhali zaidi, laza toi ndani ya beseni la maji safi, maji yaifunike tu: mwanga unapita, joto linapozwa. Anzeni saa mbili asubuhi, saa sita toeni, rudisheni saa tisa. Mchana mkale kwa amani.

Miezi mizuri ni ile ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, mwanga upo na joto limepungua. Tatizo lake ni upepo wa kusi. Wenzangu wa Shangani na Mikindani mnaujua mchanga wake: ukishaganda kwenye krimu ya peroksaidi mliyopaka, ukaja kuukwangua, umepiga toi msasa bila kukusudia. Funikeni.

4. Funikeni pia rangi. Nyekundu inageuka waridi kabla nyeupe haijawa nyeupe. Stika zinakauka na kuinuka. Kioo cha Game Boy kina utando wa ndani unaoungua na kuacha doa jeusi katikati, ndiyo maana ile ya juzi niliitoa juani. Karatasi ya foili na selotepu, kazi ya dakika tano.

5. Ulizeni kabla hamjasafisha.

Hapa nitakaa kidogo. Palikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaniletea meli ya kuchezea, nyeupe kwa asili, ya ABS, bomba jekundu, ila imekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa kukaa kabatini. Marehemu mumewe alipewa na baharia bandarini, enzi meli zikija kupakia korosho. "Nirudishie weupe wake," akasema, akaenda zake.

Nilikuwa ndiyo naanza kusifiwa, na sifa ni kitu kibaya kumpa mtu mwenye bisibisi. Kazi niliifanya vizuri, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bomba jekundu nilitoa nikaweka kando. Krimu nilipaka kwa brashi, nikafunika nailoni, kila baada ya muda naondoa, napaka upya isikauke ikaacha mabaka. Sitaha ikatoka nyeupe peee. Nikaipindua, maana fundi mzuri hageuzi macho tu, anageuza na kazi, ili tumbo nalo lipate jua lake. Kwenye tumbo palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino wa bluu, majina matatu, moja chini ya jingine, la kwanza lina S iliyotazama upande wa pili. Sitadanganya kwamba sikuyaona. Niliyaona, nikasema watoto wa watu waharibifu kweli, nikaongeza krimu palepale.

Wino wa kalamu haushindani na peroksaidi chini ya jua. Jioni tumbo lilikuwa safi, na mimi nikajipongeza kwa soda.

Alipokuja, sitaha hakuiangalia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipindua moja kwa moja. Akapitisha kidole gumba pale pale. "Yalikuwa hapa," akasema. Mimi nikaanza kueleza. Nikaeleza oksijeni, nikaeleza wino, nikaeleza jua la Oktoba, nilijua kueleza siku ile kuliko siku zote. Alipokaa kimya, nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza: nikamwambia Mwalimu asiwe na shaka, kalamu ninayo, nitayaandika upya sasa hivi.

"Kwa mwandiko wa nani, mwanangu?"

Akalipa. Nilikataa, akaziweka hela chini ya koleo langu akaondoka. Baadaye binti yake alikuja kutengenezesha redio, ndiye akanisimulia: meli ile ilikuwa inarithiwa, mkubwa akichoka nayo anamkabidhi mdogo, na kila anayekabidhiwa anaandika jina chini ya mwenzake. Yeye alikuwa wa kwanza. S ile ilikuwa yake. Anacheka akisimulia, hana kinyongo. Redio nilimtengenezea bure na bado sikujisikia nimelipa chochote.

Sasa mnajua kwa nini nawauliza kila siku, "Umeipindua?" Mnadhani nauliza habari za jua. Pindueni kabla ya maji, kabla ya sabuni, mbele ya mteja, mnyoosheeni kidole kila alama: hii iondoke, hii ibaki? Pigeni picha kwa simu. Kinachobaki kifunikeni foili. Mwezi uliopita mmoja wenu amesugua bei iliyoandikwa kwa penseli chini ya kigari cha miaka ya 1970, na mteja wa Dar alikuwa anakitaka kwa sababu ya bei hiyo. Nilisikia tumbo likinisokota.

6. Matofali ya LEGO. Tangu 1963 ni ABS, anikeni majini bila wasiwasi, meupe na ya bluu ndiyo yanayoonyesha mabadiliko haraka. Ya kabla ya hapo ni selulosi asetati: yamepinda, mengine yananuka siki. Yaacheni yalivyo, yauzeni yalivyo.

7. Divelopa ya saluni, ndiyo hiyo krimu ya peroksaidi. Namba 20 ni peroksaidi asilimia 6, namba 40 ni asilimia 12. Anzeni na ya chini. Msiichanganye na Jiki hata mkiwa na haraka kiasi gani. Glavu, na miwani. Ngozi ikiguswa inageuka nyeupe na kuchoma, na jicho halina spea. Mkiweka toi ndani ya kopo lenye dawa msikaze kifuniko, inatoa gesi.

8. Bei. Vijana mnatoza kwa muda toi iliokaa juani, kana kwamba jua mnalinunua. Tozeni kwa skrubu mlizofungua, kwa stika mlizookoa, na kwa kukaa hapo. Na mkiuza mtandaoni andikeni wazi kwamba imeng'arishwa. Mkusanyaji mzoefu atagundua tu, kwa sababu ndani ya kava, pasipofika mwanga, rangi inakuwa tofauti na nje, na akigundua mwenyewe hatawanunulia tena, na hatanunua kwangu pia kwa kuwa anajua tunakaa uchochoro mmoja.

9. Dawa inatunzwa gizani na penye ubaridi, ndani ya chupa yake yenye lebo. Nilisema "penye ubaridi". Sikusema kwenye friji ya mama ntilie, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Aliyeiweka namjua. Nimeitoa, imo kwenye droo yangu, na jioni aje tuzungumze kabla yule mama hajaja kuniuliza kwa nini nilikuwa napekua friji yake.