Boti Kupandishwa kwa Gurudumu: Uzito Unakwenda Wapi?

SWALI: Hapa kwetu ukienda Pate, hungoja maji yajae ndipo upite mkondo wa Mkanda. Nasikia Uskoti kuna gurudumu linalobeba boti kutoka mfereji wa chini hadi wa juu. Boti nzito ikiingia upande mmoja na wa pili ukawa mtupu, si litakwenda mrama?
Nahodha, Lamu

JIBU: Haliendi mrama, nahodha, kwa kuwa hakuna upande mtupu. Gurudumu hilo la Falkirk, lililofunguliwa mwaka 2002, lina mabeseni mawili ya chuma, na kila moja huchukua lita 250,000 hivi za maji. Boti ya tani 20 ikiingia, tani 20 za maji husukumwa zirudi mferejini. Jaribu nyumbani: jaza ndoo mpaka ukingoni, ipime, kisha weka sufuria ielee ndani. Futa maji yaliyomwagika, pima tena: uzito ni ule ule. Sharti ielee, lakini. Chombo kilichokalia chini hakisukumi maji ya kutosha kufidia uzito wake.

Kwa hiyo kinachochungwa pale ni kimo cha maji, shehena haina neno. Sentimita moja tu ya ziada ni zaidi ya tani moja upande mmoja. Tofauti inayoruhusiwa haizidi milimita 37. Pande zikilingana hivyo, nusu mzunguko hula umeme wa kilowati-saa 1.5 tu. (Lifti ya boti ya Peterborough, Kanada, tangu 1904 hufanya kinyume kwa makusudi: beseni la juu huongezwa sentimita 30 za maji, likashuka kwa uzito wake na kulipandisha la pili.)

Boti ikishaingia na kufungwa, lango la beseni na lango la mfereji hufungwa yote mawili, na maji yaliyonaswa katikati yake hutolewa. Ndipo gurudumu huzunguka, kama dakika tano. Beseni halipinduki kwa sababu ya gia: ya kati imekazwa, haizunguki; ndogo mbili hutambaa juu yake na kugeuza gia za mabeseni, zenye ukubwa sawa na ile ya kati. Mkono unaobeba beseni ukigeuka nyuzi kumi mbele, beseni hurudishwa nyuzi kumi nyuma.

Hapo umepanda mita 24. Mita 11 zilizobaki hupandwa kwa vizimba viwili vya maji (vyumba vyenye malango, ambamo maji hujazwa au kupunguzwa ili boti ipande au ishuke), baada ya handaki lipitalo chini ya ardhi.

SWALI: Mashua yenye mlingoti itapita? Na kamba zifungweje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Mlingoti ulazwe; madaraja ni ya chini na handaki halina huruma. Ndani ya beseni, fundo la kawaida latosha, maji hayapandi wala hayashuki humo. Vizimbani ndiko kwenye hatari. Maji yakipungua, kamba iliyokazwa huiacha boti ikining'inia kwa ubavu. Kamba izungushe kwenye nguzo mara moja, ushike ncha, ulegeze kidogo kidogo.

Tena, unaposhuka, tezi (nyuma ya boti) ikae mbali na lango la nyuma. Chini ya lango hilo kuna kizingiti kisichoonekana kizimba kikiwa kimejaa. Tezi ikikikalia, omo (mbele ya boti) huendelea kushuka na maji kuingia. Ukiona boti inainamia mbele, mpigie kelele msimamizi afunge maji papo hapo. Usijaribu kuisukuma kwa upondo.