Jibu: Skripti ya marafiki wanne, nusu kicheko nusu kilio

Dada, umesema skripti yako ina kurasa 100: hamsini za kwanza watu wanacheka, hamsini za mwisho mmoja wa marafiki anaugua na kufa, na waliosoma wamekwambia ni kama filamu mbili. Wamesema kweli. Ila usikimbilie kuongeza vichekesho huku mwisho, kasoro iko mwanzo.

Itafute filamu ya Steel Magnolias ya 1989, uitazame ukiwa na kalamu. Robert Harling aliiandika kwanza kama tamthilia ya jukwaani, ikaonyeshwa New York 1987, chanzo chake kifo cha dada yake aliyekuwa na kisukari. Jukwaani mambo yote yanatokea ndani ya saluni ya mhusika aitwaye Truvy, na hakuna mwanaume anayeonekana. Saluni imechaguliwa kwa akili: mwenye rola kichwani hawezi kunyanyuka akaondoka maneno yakiwa makali. Wahusika wako wanakutana mgahawani, kila wakigombana mmoja anabeba mkoba. Wafungie kwenye kazi: wanasukana, wanachambua mchele wa shughuli, wanachorana hina.

Ugonjwa nao haungoji nusu ya pili. Asubuhi ya harusi, katikati ya umbea wa saluni, sukari ya Shelby, bibi harusi mwenyewe, inashuka. Anatetemeka, anamsukuma mama yake M'Lynn, na mama anamshika kichwa na kumlazimisha kunywa juisi. Akishatulia ndipo mama anawaambia wenzake kwamba madaktari wamemkataza kuzaa. Baadaye Shelby anapozaa, mtazamaji ameshajua bei yake, na hata figo ya mama inapohamia kwa binti, kicheko cha saluni hakikatiki. Kwa skripti yako, dalili ya kwanza iwe imeonekana kufikia ukurasa wa 20, tena katikati ya utani, bila mtu kuitolea hotuba.

Sasa makaburini, Shelby akishazikwa. Sally Field, mwigizaji wa M'Lynn, anaanza kwa utulivu: mashine zilipozimwa, mume na mkwe walishindwa, wakatoka, akabaki yeye. Kisha hasira inampanda, anataka kumpiga mtu. Rafiki yake Clairee anamkamata Ouiser, mwenye gubu kuliko wote, anamsukuma mbele: haya, mpige huyu! Kimya kidogo, halafu wanaangua kicheko, na mtazamaji naye. Ouiser anaondoka amenuna kwelikweli. Hilo la kununa usilipuuze. Angecheka na yeye, sini (tukio zima) ingeyeyuka.

Inafanya kazi kwa sababu tangu mwanzo tumemwona Ouiser akigombana na kila mtu na Clairee akimchokoza. Kichekesho cha msibani kinatakiwa kiwe kimepandwa mara tatu hivi kabla, kila mara kwa sura tofauti. Kwetu jambo hili lina mwenyewe, mtani. Analala kaburini akidai alipwe ndipo jeneza lishuke, na wafiwa wanacheka na machozi usoni. Lakini waandishi wengi wanamleta mtani siku ya msiba tu, mgeni kabisa, mara nyingi mchekeshaji aliyekodiwa kwa jina lake. Hapo watu wanamcheka mchekeshaji na marehemu anasahaulika. Mtani wako awe ameshakula harusini, ameshadaiwa pesa, ameshamuudhi marehemu.

Jaribio moja: funika majina ya wahusika, soma mazungumzo ya kurasa tano. Usipojua nani anasema nini, una mwanamke mmoja kwa majina manne. Annelle, msaidizi wa Truvy saluni, hata faraja anaitoa kilokole, na M'Lynn anamjibu, kwa upole lakini anamjibu.

Wanaume wabakize kama ulivyofanya, ila punguza ubaya wao. Marafiki walioungana kwa sababu ya mume mmoja mbaya hawana cha kuzungumza akishaondoka.

Na muziki wa huzuni, toa wote kwenye sini ya msiba hadi kicheko kipite. Ukianza mapema unamwambia mtazamaji asicheke, naye atatii. Panga upya kurasa 20 za kwanza uzibandike hapa, zilizobaki ziache kwanza.