Kabla ya Pleya Mpya, Tazama Sindano

Mzee ametuachia santuri kama sitini, nyingi ni zile ndogo za wimbo mmoja kila upande. Nyumbani nina sabufa tu. Nianze na pleya gani? (Msomaji, Tabata)

Pole kwa msiba. Usinunue ile pleya ya begi inayopendeza mezani: mkono wake unakandamiza na hauna pa kurekebishia, na santuri isiyochapwa tena popote si ya kufanyia majaribio. Chukua kitu kama Audio-Technica AT-LP60X. Priampu (kikuza sauti kidogo cha kuipa nguvu sauti ya sindano) iko ndani, kwa hiyo unachomeka moja kwa moja kwenye tundu la AUX la sabufa, na kuna kitufe cha kuchagua mizunguko 33 kwa dakika, ya LP (zile santuri kubwa), au 45, ya ndogo kama zako. Kwako wewe kitufe hicho ni kila kitu. Rega Planar 1 ina sauti nzuri zaidi, lakini kuitoa 33 kwenda 45 ni mpaka unyanyue sahani na kuhamisha mkanda kwa kidole. Mwenye LP hatajali, ila mwenye nyimbo za dakika tatu tatu atachoka kabla chai haijaiva.

Na tafadhali, pleya isikae juu ya sabufa. Besi hupanda kwenye sindano, ikarudi kwenye spika, mpaka nyumba nzima ivume.

Shemeji amenitumia pleya ya zamani ya mkanda kutoka Minneapolis. Nimeweka transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120, lakini nyimbo zinakokota. Mkanda umelegea? (Mombasa)

Mkanda usiusingizie bado. Transfoma hushusha volti, hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde) haigusi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota nyingi za pleya za zamani hukimbia kwa kufuata hezi. Hapo mizunguko 33 inashuka hadi kama 28, na mwimbaji wa kike anaanza kuimba kama mjomba wake. Dawa ni puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya hezi 50, ambayo ni nene kidogo, kama kiwanda kiliwahi kuitengeneza kwa modeli hiyo. Pleya zenye mota ya DC na adapta hazina shida hii. Hata Technics SL-1200MK2, iliyotoka 1979, mwendo wake unashikwa na kwatzi (fuwele ya kutunza mwendo), si hezi za ukutani. Hiyo unaangalia volti tu. Siku nyingine mwambie shemeji apige picha bati la nyuma kabla hajalipia mzigo.

Pleya inavuma mmmm hata santuri ikiwa imesimama. (Arusha)

Ule waya mwembamba wenye ncha kama uma, fundi wako ameuacha unaning'inia. Ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya.

Nina AT-LP120X, mwaka wa tatu sasa. Herufi "s" zinakwaruza, hasa wimbo wa mwisho wa kila upande. Niiuze nichukue pleya kubwa? (Nairobi)

Hapana, usiuze. Mzunguko mmoja ukingoni mwa LP ni kama sentimita 90 za mfereji. Karibu na lebo haufiki 40, na muda ni uleule. Sauti inabanwa, na sindano iliyolika haiwezi kuifuata kwenye kona hizo. Sindano ya aina yako huanza kuchoka baada ya masaa mia kadhaa, kwa hiyo kama unasikiliza kila jioni, hesabu mwenyewe.

Katriji (kile kijisanduku kinachoshika sindano) iliyokuja na pleya yako ni AT-VM95E. Sindano yake unaivuta kwa vidole, bila bisibisi, na kwenye mwili uleule unachomeka ya VM95ML, ambayo ncha yake ni nyembamba na huingia vizuri zaidi kwenye mfereji. Ukishaiweka, nunua mizani ndogo ya kidijitali, uzito wa sindano juu ya santuri uuweke gramu 2 kamili. Mimi nilikisia kwa jicho karibu mwaka mzima, nikidhani uzito mdogo unaihurumia santuri. Siku nilipopima nikakuta gramu 1.2. Sindano ilikuwa inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchubua. Santuri mbili nizipendazo zina kovu mpaka leo.

Bibi ana santuri nzito za taarabu za mizunguko 78. Naweza kuzipiga kwenye pleya ya kisasa? (Unguja)

Ndiyo, lakini si kwa sindano ya LP. Mfereji wa 78 ni mpana, kama ule wa santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928, na sindano nyembamba inaburuza chini kabisa, inakupa mchakacho tu. Tafuta pleya yenye 78, kama hiyo ya msomaji wa Nairobi, pamoja na sindano ya VM95SP, ambayo huhitaji gramu 5 hivi. Kusafisha, tumia maji safi kidogo na kitambaa laini, lebo isilowe. Spiriti usiisogeze karibu, kwa sababu inayeyusha shelaki yenyewe, yaani malighafi ya santuri hizo. Na zihifadhi zikiwa zimesimama wima, maana hizo zikianguka sakafuni huvunjika kama kigae.